Kioo cha dereva kinapanda kisha kinarudi chini chenyewe. Nimebadilisha mota na bado. Msaada, wana Mbeya na Nyanda za Juu

BabaTusa (Uyole)

Wakuu, habari za jioni. Ugonile kwa wa Rungwe, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Gari langu ni Toyota saluni ya 2004, vioo vyote vya umeme. Kioo cha mlango wa dereva kilianza kusumbua Novemba, mvua za kwanza zilipoanguka. Unavuta swichi, kinapanda vizuri tu, kikibakiza kama vidole vinne kufunga kinasita, halafu kinageuka chenyewe na kushuka mpaka nusu. Unavuta tena, kinafanya vilevile. Mara ya nne au ya tano kinakubali. Nikazoea, nikawa sikishushi ovyo.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Tukuyu jioni na mama watoto na binti yetu wa miaka sita. Pale Kiwira nikashusha kioo kununua ndizi. Kupandisha, kikagoma. Nilijaribu mara ishirini, kila mara kinafika palepale na kurudi. Mvua ya Rungwe mnaijua, haiji kwa hodi. Tulipofika Isyonje ukungu ulikuwa umelala barabarani, maji yananimiminikia bega la kulia, na vioo vingine vyote vimejaa mvuke kwa ndani. Nilisimama pembeni nikachana mfuko wa nailoni, nikaubana juu ya mlango. Upepo ukawa unauvuta, ikabidi niushike kwa mkono wa kulia na usukani kwa mkono wa kushoto, tunashuka kuelekea Igawilo, malori yanapishana na sisi. Mtoto alikuwa amefunikwa khanga mbili na bado anatetemeka. Tulifika nyumbani salama, lakini safari ile sitaki kuirudia.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Gereji siitaji, si lengo langu. Alibonyeza swichi mara mbili akasema mota imechoka. Mlango hata hajaufungua. Nikanunua mota ya mtumba Sh 70,000, ufundi Sh 20,000. Baada ya kufungwa, kioo kikawa na tabia nyingine: sasa kinapanda mpaka juu kabisa, kinagusa mpira, halafu kinashuka mpaka chini. Fundi akasema mota niliyonunua nayo ni mbovu, nitafute nyingine.

Kabla sijatoa pesa nyingine naomba mwenye ujuzi aniambie, hii kweli ni mota? Ile ya zamani ninayo, nilikataa kuiacha.

MpungaIgurusi

Pole sana mkuu. Mimi huku Igurusi vumbi ni la mwaka mzima. Kioo kilipokuwa kizito nilipaka oili ya injini kwenye zile raba za pembeni, kikapanda kama kipya. Jaribu hiyo kwanza, haina gharama.

MwalimuVwawa

Kuna jamaa wa hapa Vwawa alikuwa na shida hii, wakamkatia kabisa hicho kifaa kinachorudisha kioo. Kinapanda sasa, ila mimi singekushauri, maana ana watoto wadogo na kioo hakisimami kikikuta kitu. Subiri mafundi waje.

FundiUmemeMafinga

Baba Tusa, pole kwa safari ile. Nafanya umeme wa magari hapa Mafinga, huu mwaka wa 14. Nisome taratibu, kwa sababu una matatizo mawili na umeambiwa ni moja.

Tuanze na lile la vidole vinne. Mota ya mlango wa dereva kwenye magari mengi ya Kijapani ya umri huo ina sensa inayohesabu mizunguko. Kioo kikipanda kwa kasi yake, hesabu inakwenda sawa. Kikikutana na kizuizi, mizunguko inapungua ghafla, na kifaa kinachukulia kwamba kuna mkono au shingo ya mtu imebanwa. Papo hapo kinageuza umeme na kioo kinashuka. Sasa kifaa hakina macho. Hakijui kama kilichozuia ni mkono wa binti yako au ni mpira uliokauka ukabana kioo. Kwake yote ni kizuizi. Kwa hiyo kioo kinachogeuka na kushuka kwa nguvu kinakuonyesha mota yenye nguvu zake. Mota iliyochoka kwa kawaida utaiona njia nzima: inapanda kwa kujivuta, inashuka kwa kujivuta, inasimama katikati, au ikipata moto inakata kabisa na kurudi kufanya kazi baada ya kupumzika dakika kadhaa. Wewe hujasema hata kimoja kati ya hivyo.

Lile la pili limeletwa na kubadilisha mota. Kioo kikiwa kinamalizia milimita za mwisho lazima kijisukume ndani ya mpira wa juu, na hapo kinga hiyo ya kurudisha kioo huwekwa pembeni, la sivyo kisingefunga kamwe. Ili kifaa kijue kuwa sasa ndiyo mwisho, lazima kiwe kimefundishwa mwisho uko wapi. Ukifungua mota, kumbukumbu ile haiendani tena na kioo. Kwenye magari mengine hata kuchomoa betri tu kunaifuta. Kioo chako kinafika juu, kinagusa mpira, kifaa kinadhani bado tupo njiani, kinarudisha. Angalia swichi yako ya dereva usiku: kwenye Toyota nyingi, kataa kake, yaani taa yake ndogo, kakiwa kanawaka na kuzima, gari linakuambia kioo hakijasetiwa, yaani hakijafundishwa mwisho wake. Fundi wako alifunga mota akasahau kuiseti.

Kuseti si kazi kubwa. Injini iwe inawaka ili umeme uwe wa kutosha. Shusha kioo mpaka nusu, vuta swichi juu, kioo kikishafunga usiachie, endelea kuishikilia sekunde mbili tatu. Kama kinakataa kupanda mfululizo, kipandishe kwa kuvuta na kuachia kidogokidogo mpaka kifunge, kisha shikilia. Kuna magari yanayotaka uanzie chini kabisa, kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Lakini usiseti leo. Kwanza tafuta kilichokuwa kinabana tangu Novemba. Ukiseti kioo ambacho njia yake bado nzito, kitafunga wiki moja na shida itarudi.

Vipimo vitatu, havihitaji kununua kitu. Cha kwanza, mtu avute swichi, wewe ubane kioo kwa viganja viwili, kimoja ndani kimoja nje, ukisaidie kupanda. Kikipita pale pa vidole vinne kwa wepesi, njia ndiyo nzito. Cha pili, simama nje, kitazame kikipanda: ukingo wake wa juu unakwenda sambamba na fremu, au upande mmoja unatangulia? Cha tatu, linganisha kasi injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Tofauti kidogo ni kawaida, betri iliyotulia ina volti 12.6 na injini ikiwaka unapata 13.8 mpaka 14.5. Tofauti ikiwa kubwa mno, umeme haufiki vizuri mlangoni.

Mpunga, kaka yangu, oili ya injini iondoe. Mafuta ya petroli na jamii yake yanavimbisha mpira na kuulainisha vibaya, na vumbi la huko kwenu likinasa pale linakuwa msasa, unaanza kuona michirizi kwenye kioo. Grisi ni hivyo hivyo. Kinachofaa kwa raba ni silikoni ya kupuliza, baada ya kusafisha.

MpungaIgurusi

Asante fundi. Michirizi ninayo tayari upande wa kushoto, nilidhani ni mchanga wa kawaida. Nitaiosha Jumamosi.

MamaNoah (Tunduma)

Naomba niulize hapahapa. Noah yangu, kioo cha abiria wa mbele kinapanda na kushuka nikitumia swichi za kwangu upande wa dereva, ila abiria akibonyeza ya kwake hakuna kitu. Vya nyuma pia vivyo hivyo. Nimeambiwa swichi tatu zimekufa.

FundiUmemeMafinga

Dada, kabla hujanunua swichi hata moja, kwenye swichi zako za dereva kuna kitufe cha pekee, mara nyingi kina mchoro wa kioo kilichokatwa mstari. Kikibonyezwa kinafunga vioo vya wengine wote ili watoto wasichezee. Kibonyeze mara moja kiinuke, halafu jaribu.

MamaNoah (Tunduma)

Vimefanya kazi vyote vitatu. Nimekaa mwezi mzima abiria wananiomba mimi niwashushie vioo. Mungu akubariki kaka.

BabaTusa (Uyole)

Fundi, nimefanya vipimo vyako asubuhi. Kasi haibadiliki sana, injini iwake isiwake. Nilipobana kioo kwa viganja kilipita kwa urahisi kabisa. Na kile cha kutazama kwa nje kimenishangaza: pembe ya mbele inatangulia kugusa fremu, ya nyuma bado iko chini upana wa kidole gumba. Kioo changu kinapanda kimeinamia nyuma, na miezi yote hii nimekuwa nikikitazama kwa ndani tu.

FundiUmemeMafinga

Hapo hapo. Kioo kikiinama kinajikaza kwenye mfereji wake kama droo iliyovutwa kwa upande mmoja. Fungua mlango.

Sikiliza ya usalama kwanza. Chomoa taminali ya hasi ya betri. Ukikuta plagi au waya wa rangi ya njano usiuguse, huo ni wa mifuko ya hewa. Vaa glavu, kwa sababu mabati ya ndani ya mlango yanakata kama wembe. Na kubwa kuliko yote: kama regulata yako, yaani mtambo wa ndani ya mlango unaopandisha na kushusha kioo, ni ya mkasi, ile ya mikono ya chuma inayopishana, ina springi iliyokazwa. Ukitoa mota bila kuubana mkono wa regulata, springi inafyatuka na kuvunja kidole. Kwa sasa huhitaji kugusa mota. Tafuta bolti zinazoshika kioo kwenye regulata.

MwalimuVwawa

Tunaomba maelezo ya kila hatua, mkuu. Wengi tutajifunza hapa.

BabaTusa (Uyole)

Nimemaliza saa kumi na moja jioni. Nilianza saa tatu asubuhi, na muda mwingi umekwenda kwenye usafi. Naeleza nilichokuta.

Jalada la ndani la mlango lina skrubu moja imejificha nyuma ya kitasa, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki unachokiinua kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa. Nyingine iko kwenye shimo la pale unaposhika kuvuta mlango. Swichi zenyewe zinatoka kwa kunyanyuliwa, unachomoa plagi zake. Baada ya hapo unavuta ukingo wa jalada kuzunguka, klipu zinaachia moja moja kwa mlio, halafu unalinyanyua kuelekea juu. Klipu mbili zilivunjika. Nilishauriwa na jirani ninunue chache kabla, na ninawashauri ninyi vilevile, maana jalada lisiloshikwa vizuri litapiga kelele barabara nzima.

Nyuma ya jalada kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, kazi yake ni kuzuia maji yanayoteremka na kioo yasije ndani ya gari. Yangu ilikuwa imekatwa kwa kisu kutoka juu mpaka chini, kipande kinaning'inia. Nilikumbuka mara moja: miaka miwili iliyopita nilifungiwa spika. Aliyefunga alipitisha mkono pale na hakurudisha kitu. Tangu hapo kila mvua ilikuwa inalowesha jalada kwa ndani, ndiyo maana zulia upande wangu lilikuwa linanuka na sikuwahi kujua kwa nini.

Chini ya mlango kuna matundu ya kutolea maji. Matatu, yote yameziba. Nilipoyachokonoa kwa waya yalitoka maji ya kahawia kama robo lita, na majani ya mlingoti (mkaratusi) yaliyooza, na udongo mwekundu. Ningegonga mlango ule mtaani mngedhani ni debe.

Sasa kioo. Regulata yangu ni ya mkasi kweli. Kioo kimeshikwa na bolti mbili, zote spana namba 10, unaziona kupitia matundu makubwa ya bati ukishusha kioo mpaka karibu nusu. Ya mbele ilikuwa imekaza. Ya nyuma niliizungusha kwa vidole, wakuu, kwa vidole viwili bila spana. Washa yake, kile kibati cha duara chini ya bolti, ilikuwa na kutu. Kila nilipokuwa nafunga kioo, upande wa nyuma ulikuwa unabaki na wa mbele unatangulia.

Na mfereji wa mbele, ule mpira wenye manyoya ndani yake ambamo kioo kinateleza. Nilipitisha ukucha nikadhani nagusa ukuta wa tofali. Manyoya hayakuonekana. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeingia, likaloweshwa na mvua, likakauka, likaloweshwa tena, mpaka limekuwa saruji. Nililowesha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, nikasugua kwa mswaki wa zamani, nikarudia mara tano. Maji ya mwisho ndiyo yalitoka meupe. Nikaacha ikauke, nikapuliza silikoni kidogo juu mpaka chini, mbele na nyuma.

Kioo nilikinyoosha kwa mkono nikakishika kwa selotepu pana, kikae sambamba na fremu, ndipo nikakaza bolti zote mbili. Matundu ya bolti ni marefu kidogo, kwa hiyo ukikaza kioo kikiwa kimeinama kitabaki kimeinama.

Nimerudisha betri. Kioo sasa kinapanda sawasawa, lakini bado kikigusa juu kinashuka. Kataa ka swichi kanawaka na kuzima kama ulivyosema.

FundiUmemeMafinga

Umefanya kazi safi kuliko mafundi wengi ninaowajua. Sasa ndiyo useti. Nusu, vuta, shikilia.

BabaTusa (Uyole)

Mara ya kwanza nilikuwa naachia mapema, kikarudi. Mara ya pili nimehesabu mpaka tatu polepole baada ya kufunga. Kataa kametulia. Nimekishusha, nimegusa swichi mara moja tu, kimepanda chenyewe, kimefunga, kimebaki.

Nimewaita mama watoto na Tusa waje kuona. Nimeweka karoti juu ya kioo, nikagusa swichi: kikaigusa karoti kikarudi chini. Kinga ipo.

MwalimuVwawa

Hiyo ya karoti nitaifanya leo kwenye gari letu. Mkuu, ni vizuri kuwaambia na watu kwamba wasijaribie kidole.

BaridiNjombe

Hongera Baba Tusa. Mimi nina la baridi. Mwezi wa Juni na Julai huku kwetu asubuhi gari likilala nje unakuta ubarafu kwenye kioo, na kwa upande wa Makete ni zaidi. Nikishusha kioo asubuhi kinanata, kinatoa mlio, halafu kinakataa kurudi juu. Mchana hakina shida. Ni ugonjwa huohuo?

FundiUmemeMafinga

Ni jamaa yake. Usiku unyevu unaganda kati ya mpira na kioo, kinanata kama kimegundishwa. Ukilazimisha swichi, mota inavuta lakini kioo hakitoki, na hapo ndipo meno ya plastiki, vishikizo au waya wa regulata unakatika. Huku Mafinga nimebadilisha regulata nyingi za asubuhi namna hiyo. Washa injini, fungua hita, acha gari lipate joto, ndipo uguse kioo. Maji ya moto usimwagie, kioo kinaweza kupasuka. Na kabla ya Juni safisha mipira, ikauke kabisa, pakaa silikoni. Mpira mkavu wenye silikoni haushiki maji kirahisi.

Mwenye regulata ya waya, si ya mkasi, ajue dalili zake: mlio wa kukwaruza, mota unaisikia inazunguka na kioo hakiendi, au kioo kimedondoka ndani ya mlango. Hapo waya umefumuka au kigurudumu cha plastiki kimevunjika. Hiyo kweli inanunuliwa nzima, kuunga waya ule hakudumu.

MpungaIgurusi

Fundi, na kama mota haisikiki kabisa? Kioo cha nyuma kushoto hakina hata mlio, swichi ya nyuma wala ya dereva.

FundiUmemeMafinga

Anza na fyuzi, kisha swichi ya kufunga niliyomwambia dada wa Noah, ila kwa kuwa hata ya dereva haikubali, huenda sio hiyo. Fungua mlango, tazama ule mpira wenye mikunjo kati ya nguzo na mlango, nyaya zinapita humo na kila ukifungua mlango zinakunjwa. Baada ya miaka 15 au 20 zinakatika ndani ya ngozi yake, kwa nje unaona nzima. Mwambie mtu avute swichi, wewe ufungue na kufunga mlango taratibu. Kioo kikishtuka hata kidogo, umeupata. Mlango wa dereva ndio unaokatika zaidi kwa kuwa ndio unaofunguliwa zaidi.

Nyaya zikiwa nzima, weka mita kwenye plagi ya mota huku swichi imevutwa. Ukipata volti karibu sawa na za betri na mota kimya, mota imekufa, kanunue. Ukipata volti 8 au 9, tatizo liko nyuma yake, mara nyingi ni swichi ambayo shaba zake zimeungua. Usipopata kitu, rudi kwenye waya na swichi.

Angalizo moja. Mota ya nyaya mbili unaweza kuijaribu kwa kuipa umeme wa betri moja kwa moja, ukigeuza nyaya inageuka upande. Mota yenye nyaya nyingi, kama ya Baba Tusa, ina vifaa vya elektroniki ndani, usiipelekee betri hivyo, utaiunguza.

MamaNoah (Tunduma)

Baba Tusa, nailoni uliyokuta imekatwa umeirudishaje? Yangu nadhani nayo ilikatwa walipoweka king'ora, kwani mlango unalia maji nikikata kona.

BabaTusa (Uyole)

Dada, nimekata nyingine kutoka nailoni nene ya kufunikia mbegu, nimeifuatisha na ile ya zamani kama kiolezo, matundu palepale. Ile gundi nyeusi haikauki, ukiipasha kidogo kwa kitambaa chenye maji ya moto inashika tena. Jambo la kuangalia ni ukingo wa chini: lazima uingie ndani ya mlango, usibaki kwa nje, ili maji yakiteremka yaangukie ndani ya bati na kutokea kwenye matundu. Ukiuacha nje yanaangukia zuliani. Mlango wako kulia maji maana yake matundu ya chini yameziba. Piga magoti uyatafute chini ya ukingo, yazibue kwa kijiti, hata leo bila kufungua kitu.

MamaNoah (Tunduma)

Yametoka maji ya kutosha kuoshea vyombo. Ahsante.

BabaTusa (Uyole)

Narudi kutoa taarifa ya mwisho, nimeona niwe mkweli hadi mwisho wake.

Swali lililonibaki kichwani ni ile mota ya zamani. Jumamosi nilimwomba kijana mmoja mwenye gereji ndogo hapa mtaani anisaidie, kwa sababu ya springi aliyoisema Fundi. Tulikitoa kioo, tukaubana mkono wa regulata kwa jiliwa mbili, tukatoa skrubu tatu za mota, tukarudisha ile ya mwanzo, iliyosemekana imechoka. Nikaiseti kama nilivyofundishwa humu. Nimepima kwa saa ya simu: kutoka chini mpaka kufunga, mota ya mtumba na ya kwangu zimepishana chini ya nusu sekunde, na ya kwangu ndiyo iliyotangulia.

Ina maana Sh 90,000 ilikwenda kwa bolti moja iliyolegea na tope. Sina kinyongo na fundi yule, nilimpitia jana nikamweleza kuhusu kuseti na kuhusu bolti ya nyuma. Alinisikiliza vizuri, akaomba nimwandikie hatua zile kwenye karatasi, nikamwandikia.

Jana hiyohiyo tulikwenda Tukuyu kuwaona wazee. Pale Kiwira mama watoto alinitazama niliposhusha kioo kununua ndizi. Mvua ilitukuta kabla ya Isyonje, kubwa. Niligusa swichi mara moja.

Mota ya mtumba iko kwenye boksi nyumbani. Mwenye Toyota ya aina hii ambaye amepima umeme mlangoni, amekuta volti zipo na mota kimya, aniandikie hapa, aje aichukue bure.

Fundi wa Mafinga, ndaga fijo, asante sana.

FundiUmemeMafinga

Karibu sana. Ukipita Mafinga kuelekea Iringa simama unisalimie, na uje na Tusa.

MpungaIgurusi

Mkuu, kioo changu cha nyuma: waya umekatika kwenye ule mpira wa mlango, wa rangi ya kijani. Nimeuunga, kimepanda. Mota mpe mwingine.